Baba wa Simu na Tambi za Kikorea

Ndirangu alikuwa baba wa simu. Si kwamba hakumpenda binti yake. Alimpenda kupita kiasi. Ila alipoondoka Ol Kalou, Kenya, kuja Doha, Wairimu alikuwa darasa la pili, meno ya mbele yamemtoka, na tangu siku hiyo malezi yote yakawa yanapitia sikioni. Kila jioni baada ya kazi Ndirangu alipiga simu na kuuliza maswali yake matatu: umekula, umesoma, umesali? Akishapata ndiyo zake tatu anaridhika, kisha anamalizia, "Haya, mpe mama simu." Mtoto alikua hivyo hivyo, akamaliza shule, akaingia chuo cha uuguzi. Siku ya kuhitimu kwake, baba yake alishangilia sherehe nzima akiwa juu ya paa la karakana moja kule Industrial Area, eneo la viwanda la Doha, simu ameibana kwa bega, bisibisi mkononi.

Kazi yake ni kutengeneza AC, na katika nchi yenye joto kama lile fundi wa AC hakosi wa kumwita. Alianza akilala kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa hukohuko Industrial Area, watu wanapishana usingizi kwa zamu. Sasa amesogea. Ana chumba Al Mansoura, anachoshiriki na Mutai, askari wa ulinzi kutoka Bomet. Chumba kina vitanda viwili, jiko la gesi la macho mawili kwenye kona, na dirisha linalotazama dirisha la jirani. Si pa kujisifia, lakini wenyewe wanapaita nyumbani.

Basi mwaka huu Mungu akafanya jambo. Wairimu akapata kazi ya uuguzi katika hospitali moja ya hapohapo Doha, na hosteli ya wauguzi ikawa Al Thumama, mwendo mfupi tu wa gari kutoka kwa baba yake. Ol Kalou watu walipiga vigelegele. Mama Wairimu alilia kwa furaha, akasema sasa angalau wawili wameonana. Ndirangu akavaa shati jeupe, akaenda uwanja wa ndege, na mtoto alipotokea akisukuma mizigo, akampa mkono. Mtoto aliyemzaa mwenyewe, akampa mkono kama anayempokea meneja mpya wa kampuni.

Halafu akarudi chumbani kwake na kuendelea kumpigia simu. Jioni, saa ileile ya miaka yote, umekula, umelala, umesali? Huwezi kuamini, lakini wiki ya kwanza kabisa alimaliza mazungumzo kwa kusema, "Haya, mpe mama simu." Wairimu akasema, "Baba, mama yuko Ol Kalou." Ndirangu alicheka, akajitia kwamba ulikuwa mzaha. Wairimu hakucheka.

Miezi ikapita hivyo. Wawili hao walikuwa wanaoga maji ya mji mmoja na kulalamikia joto lilelile, na tangu siku ile ya uwanja wa ndege walikuwa wameonana mara tatu, zote kanisani, zote wamesimama.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi, mke wake ndiye aliyepiga.

"Baba Wairimu, umekaa?"

"Nimekaa."

"Mtoto amepewa nafasi ya kuhamia Al Khor. Hospitali yake ina tawi huko. Aliomba mwenyewe. Jumapili anatakiwa aseme kama anaenda ama anabaki."

Al Khor iko kaskazini, karibu saa moja kwa gari, na mtu asiye na gari akihamia huko ndiyo basi, mtaonana Krismasi. Ndirangu alisimama bila kujua amesimama.

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Angekuambia saa ngapi? Kati ya umekula na umesali?" Mama Wairimu hakuwa na sauti ya kugombana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Wewe unampigia mtoto simu ni kama yuko huku na mimi. Si yuko hapo? Anasema hapo Doha hana mtu. Nikamwambia, una baba. Akaniambia, baba nilikuwa naye hata nikiwa Kenya, ni yuleyule."

"Nitampigia sasa hivi nimwambie asiende."

"Ukimwamrisha ataenda. Mwite kwako Ijumaa, umpikie."

"Nimpikie? Mimi?"

"Kwani huko miaka yote umekuwa ukipikiwa na nani?"

Hapo alishikwa. Kwa kweli Ndirangu ni mpishi mzuri tu; Mutai anaweza kukuapia. Lakini Ol Kalou hakuna aliyewahi kumwona na mwiko. Akienda likizo zake fupi, za nadra, anakaa kwenye kiti kizuri, analetewa, anaondolewa. Mwanamume wa rika lake kuingia jikoni mkewe akiwapo, majirani wangeuliza kuna ugonjwa gani.

"Anapenda nini?" aliuliza.

Lilikuwa swali dogo ambalo baba yeyote wa mtaani angelijibu akiwa usingizini, na yeye hakuwa na jibu. Mama Wairimu naye alisitasita. "Zamani alipenda waru na minji, viazi na njegere tu za shambani. Sasa hata sijui. Lakini juzi aliniambia kuna nurse Mkorea anafanya naye kazi, alimpikia tambi za kwao za mboga. Japche, sijui. Alizisifu mpaka nikachoka."

Kwa hiyo Alhamisi jioni Ndirangu, na viatu vyake vya kazi, alikuwa ndani ya duka la vyakula vya Asia akitafuta kitu asichojua kinafananaje. Muuzaji, dada mmoja Mfilipino, alimletea pakiti ndefu ya tambi za kijivu, ngumu, zinazopitisha mwanga kama kioo. Akampa na chupa ya sosi ya soya na kichupa cha mafuta ya ufuta, na kwa Kiingereza kile cha Ghuba kinachoeleweka na mataifa yote akamweleza: chemsha tambi peke yake, kaanga mboga moja moja, mwisho changanya. Ndirangu aliitikia kwa heshima. Yale ya moja moja yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Ijumaa asubuhi Mutai alikuwa anavaa sare yake ya ulinzi alipoona pakiti mezani.

"Mzee, hii ni lunch ama ni waya umetoa kazini?"

"Ni tambi. Zimetengenezwa kwa viazi vitamu."

"Viazi vitamu?" Mutai aliinua pakiti kwenye mwanga wa dirisha. "Na waliviharibu hivi kwa nini?"

"Mtoto anazipenda."

Mutai aliirudisha taratibu. Anajua habari yote ya Al Khor. Kwenye chumba kama kile hakuna siri. "Basi zitakuwa nzuri," alisema. "Na zikikataa, unga uko chini ya kitanda changu." Akachukua kofia, akaenda kungoja basi la kampuni.

Ndirangu alibaki na jiko lake. Alikuwa ametazama video usiku kucha, tuseme kweli, na kwenye video mwanamke alikaanga karoti peke yake akaitoa, uyoga peke yake akautoa, hoho peke yake akaitoa, mpaka Ndirangu akaona huo ni mchezo wa watu wasio na njaa. Chakula anachokijua yeye kinaanza na kitunguu. Kitunguu kikishakuwa kahawia, nyanya inaingia, inasagika, na hapo ndipo mengine yanakaribishwa. Kwake chakula kisicho na nyanya ni cha mgonjwa. Akakaanga kitunguu, akatia nyanya nne zilizoiva, karoti, hoho, uyoga na spinachi, zote kwa pamoja, akamimina maji, akazamisha nusu ya zile tambi, akafunika. Halafu akaenda kuoga na kupiga pasi lile shati jeupe.

Sasa, tambi za viazi vitamu zina tabia moja ambayo hakuna aliyemwonya. Zinakunywa. Ukiziacha kwenye mchuzi zinaunywa wote, zinavimba, na zikishamaliza zinashikana mikono. Ndirangu aliporudi na kufunua sufuria alikuta donge moja jekundu, limesimama wima kama ugali, chini limeshika moto. Alilichoma kwa mwiko. Mwiko ukabaki umesimama humo. Na hapo hapo mlango ukabishwa.

"Karibu, Mami," alisema, kwa sababu Wairimu amepewa jina la mama yake Ndirangu, na tangu alipozaliwa baba yake hajamwita vingine.

"Asante, Baba. Habari yako?" Alikuwa na mfuko wa machungwa na mkate, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Akasimama katikati ya chumba, akatazama vitanda, akatazama dirisha. Kisha akanusa. "Ni nini inaungua?"

"Hakuna kitu," alisema Ndirangu, naye amesimama mbele ya jiko kama golikipa.

Wairimu ni muuguzi. Watu wanaoficha wanapoumwa anakutana nao kila siku. Akampita baba yake kwa adabu, akafunua sufuria. Akatazama mwiko uliosimama wenyewe. Akatazama tambi zilizobaki kwenye pakiti. Akaunganisha mambo.

"Baba. Hii ni japche?"

"Ndiyo ilikuwa inaelekea huko."

Mtoto akacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa kwenye kitanda cha Mutai na kucheka mpaka mabega yakatikisika. Naye Ndirangu akasimama pale na kifuniko mkononi, akimtazama. Alikuwa amekisikia kicheko hicho kwenye simu miaka yote. Hakuwa amejua kwamba akicheka hivyo hufunika macho, si mdomo, kama alivyokuwa akifanya bibi yake. Simu haikuwahi kumwambia hilo. Moyo wake ukajaa furaha na uchungu kwa pamoja, hata akashindwa kuvitenganisha.

Wairimu alipangusa machozi, akainuka, akanyoosha mkono kuchukua kisu. "Keti, Baba. Nusu imebaki. Wacha nipike."

"Hapana. Leo napika mimi."

"Siwezi kukaa nikipikiwa na wewe. Tata Kendi akisikia?" Kendi ni dada yake Ndirangu, na anasikia kila kitu.

"Keti, Mami. Wewe ni mgeni."

Neno likishatoka hulirudishi mdomoni. Wairimu alisimama na kisu chake, uso umefungwa. "Mimi ni mgeni kwako?"

Ndirangu alitamani kulimeza. Akachukua karoti nyingine na kuisukuma kwenye ubao. "Basi tufanye hivi," alisema hatimaye. "Mimi nikate, wewe ukaange."

Na ndivyo walivyofanya. Kona ile haikuwatosha. Ilibidi waombane njia kila mara: samahani, Baba, pita, Mami, hebu nifikie chumvi. Ndirangu alikata karoti vipande vyembamba, sawasawa, haraka, kwa mkono uliozoea, na Wairimu akaacha kukaanga ili atazame.

"Ulijifunza wapi kukata hivi?"

"Hapa. Nani angenikatia?"

"Nyumbani hujawahi hata kuosha kikombe."

"Nyumbani mama yako ananikaribisha kama mbunge. Nitafanyaje?"

Akacheka tena, kidogo. Akamweleza kwa nini mboga zinakaangwa moja moja: kila moja ina wakati wake wa kuiva. Karoti inataka moto zaidi. Hoho dakika tu. Uyoga lazima uachwe utoe maji yake. Spinachi hata haikaangwi, unaipitisha kwenye maji ya moto na kuikamua. Ukizitia zote pamoja, nyingine zinakufa kabla nyingine hazijaanza. Yule Mkorea ndiye aliyemfundisha. Ndirangu alisikiliza kwa makini ya fundi, akakubali kwamba kumbe wale watu hawakuwa wanacheza.

Na kwa kuwa kila mboga ilitaka kusubiriwa, maneno yakapata nafasi. Kwenye karoti Wairimu alimsimulia mzee mmoja wa wodini anayekataa sindano mpaka aimbiwe, na wauguzi wote wameshamaliza nyimbo. Kwenye hoho akamwambia kwamba usiku wa zamu miguu inavimba. Kwenye uyoga akasema kuna mgonjwa alifariki mikononi mwake mwezi uliopita, wa kwanza, na alilia chooni kisha akaosha uso akarudi kazini. Ndirangu alikumbuka jioni za mwezi uliopita. Alikuwa amepiga, akauliza, akaambiwa ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Alifungua mdomo kumwambia avumilie, amwombe Mungu, ale vizuri. Akaufunga. "Alikuwa nani?" aliuliza.

Wairimu alimtazama. Kisha akamwambia, na uyoga ukakauka kidogo kuliko ilivyotakiwa.

Tambi za pili walizichemsha peke yake, wakazimwagia maji baridi, wakazikata kwa mkasi, zikawa laini na zinang'aa. Wakazitia kwenye beseni pamoja na mboga zote, sosi, sukari kidogo na mafuta ya ufuta. Wairimu akasema inachanganywa kwa mikono, wakachanganya wote wawili. Hapo ndipo Ndirangu alipoona kovu refu kwenye kidole gumba cha mtoto.

"Hapa palipatwa na nini?"

"Nilijikata na panga nikikata majani ya ng'ombe. Darasa la sita. Nilishonwa."

"Hamkuniambia."

"Mama alisema tusikusumbue. Eti uko mbali, utakaa na wasiwasi na hakuna kitu unaweza kufanya." Alisema bila lawama, kama mtu anayesoma kadi ya mgonjwa. "Tulikuwa tunakuambia tu vitu vizuri."

Ndirangu aliendelea kuchanganya. Alihesabu jioni zote alizokata simu ameridhika, akajiona mjinga, akawaonea huruma wote watatu, mke, mtoto na yeye mwenyewe.

Wakala wameketi kila mtu kwenye kitanda, beseni juu ya kiti katikati. Tambi zilikuwa tamu kwa mbali, zinateleza, na kila mboga ilionekana kwa rangi yake. Ndirangu alitafuna akifikiri.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini inataka nyanya."

"Baba, wewe huwezi kubadilika."

"Nimekata karoti."

Wairimu alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Akaweka uma chini. "Kuna kitu nataka kukuambia. Nimepata nafasi Al Khor. Jumapili natakiwa kutoa jibu."

Basi ndilo hilo limefika. Ndirangu alikuwa na amri zake tayari tangu Jumatano, zimepangwa mdomoni: usiende, huko mbali, huna mtu huko, mimi ni baba yako nimesema. Alizihisi zikija. Na akajua, jinsi fundi anavyojua kwa kusikiliza tu kwamba mashine itazima, kwamba akizitoa mtoto ataitikia ndiyo, Baba, na Jumapili atahama.

"Sijui kuongea na wewe, Mami," alisema. "Nilizoea simu. Simu inataka maneno machache, na mimi nikabaki na yale machache. Nikajua ukisema umekula basi nimekulea." Akalisogeza beseni pembeni. "Mimi sitaki uende. Hiyo si amri. Ukienda sitakasirika, na nitakubebea mizigo. Lakini ninataka ubaki hapa, niwe nakuona."

Wairimu akapitisha kidole kwenye lile kovu. "Umeniambia nifanye nini maisha yangu yote," alisema. "Hujawahi kuniambia unataka nini."

Hakusema anaenda wala anabaki, na Ndirangu hakumsukuma. Waliosha vyombo. Wairimu alikuwa na zamu ya usiku, akaaga mapema, na mlangoni baba na binti walisimama bila kujua wafanye nini na mikono yao, mpaka Wairimu akamkumbatia haraka na kushuka ngazi.

Jioni ile saa yake ya simu ilipofika Ndirangu aliiweka simu chini ya mto na kukalia mto. Jumamosi vilevile. Mutai, aliyekuwa amelikata lile donge jekundu vipande na kulila lote kwa ugali, akitangaza kwamba ni chakula kizuri kuliko alivyodhani, alimhurumia. "Mpigie tu, mzee."

"Nikimpigia nitamwamrisha," alisema Ndirangu. "Najijua."

Jumapili alikuwa na kazi Industrial Area tangu alfajiri. AC ilimkataa, vipuri vikachelewa, na basi la kampuni likamshusha Al Mansoura akiwa amechoka, shati limemganda mgongoni. Siku nzima simu haikulia, naye alikuwa ameshajiambia kwamba jibu ni hilo, na ameanza kuhesabu ni Ijumaa ngapi kwa mwezi anaweza kupata usafiri wa kwenda Al Khor na kurudi.

Alipoingia mlango wa jengo alimkuta Wairimu ameketi kwenye ngazi za chini, bado na sare ya hospitali, viatu amevivua, miguu imevimba. Watu walikuwa wakipanda na kushuka wakimruka. Alionekana amekaa pale kitambo.

"Mami? Kuna nini? Mbona hukupiga simu?"

"Nimewaambia sihami," alisema Wairimu, akajisogeza pembeni kumwachia nafasi. "Nikaona hilo nije nikuambie mwenyewe."